Mtungi, Mdomo wa Mtungi na Siha ya Betri: Kiswahili katika Soko la Magari ya Umeme Yaliyotumika

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkumbusha anayevutiwa na fanaka ya mwenziwe asilisahau jasho lililotangulia. Hata hivyo, kabla haijawa fumbo ilikuwa kauli ya fundi. Chombo kilichoelea katika bandari ya Lamu kilikuwa na mkuku, mataruma, fashini, hanamu na foromali, na aliyetaka kukinunua alikuwa na jina la kila kipande alichotaka kuulizia habari zake. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, aliliona hilo vyema alipotunga Sambo ya Kiwandeo, shairi refu lililochapishwa mwaka 1979, linaloeleza jinsi chombo kinavyoundwa. Majina ya sehemu za chombo hayakustahili kuzama pamoja na wazee walioyajua.

Katika yadi za magari za Nairobi na Mombasa hivi leo huuzwa chombo kingine ambacho wengi wa wanunuzi wake hawana majina ya kukiulizia. Chombo hicho ni gari la umeme lililotumika, hususan Nissan Leaf litokalo Japani. Mnunuzi huja na maswali aliyoyarithi kutoka kwa gari la petroli: ni la mwaka gani, limekwenda kilomita ngapi, limewahi kugongwa? Huinua boneti kwa mazoea tu. Fundi wa Grogan aliyezoea kuutambua ugonjwa wa injini kwa mngurumo wake naye hana cha kusikiliza, kwa kuwa betri haingurumi, haitoi moshi wala haivuji oili. Imelala kimya chini ya sakafu, nayo ndiyo itakayoamua kama kilichonunuliwa ni gari au ni banda la kuku lenye viti vizuri.

Jambo la kwanza analopaswa kujua mnunuzi huyu ni kwamba Leaf si gari moja. Lilipozinduliwa Desemba 2010 lilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Mwishoni mwa mwaka 2015 ikaja ya kilowati-saa 30. Oktoba 2017 umbo la gari likabadilika na betri ikawa ya kilowati-saa 40, na Januari 2019 ikaongezwa ya kilowati-saa 62. Utata uko hapa: gari la kilowati-saa 24 na lile la 30 yana umbo lile lile, na kwa muda yote mawili yaliuzwa Japani kwa wakati mmoja. Hali kadhalika, la 40 na la 62 yanafanana kama ndugu wa toka nitoke. Kwa hivyo mwaka wa kuundwa, ambao kwa petroli humwambia mnunuzi mengi, hapa humwambia machache. Anaweza kulipa bei ya mtungi mkubwa akapewa mdogo, na asigundue mpaka siku atakapokwama njiani akitoka Thika.

Mfano huu wa Thika haukuteuliwa kwa bahati. Katika vipimo rasmi vya Marekani, Leaf la mwaka 2013 lenye kilowati-saa 24 lilikadiriwa kwenda kilomita 121 likiwa jipya. Betri yake ikichakaa ikabakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake, umbali huo hupungua ukawa takriban kilomita 85. Kutoka katikati ya Nairobi hadi Thika na kurudi ni karibu kilomita 90. Lenye kilowati-saa 30 lilikadiriwa kilomita 172 likiwa jipya, lenye 40 likapewa 243, na la 62 likapewa 364. Sasa tazama yanayotokea gari hilohilo linapotangazwa. Kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08, Leaf la kilowati-saa 40 huandikiwa kilomita 400. Kwa kipimo kilichofuata, WLTC, huandikiwa 322. Kwa kipimo cha Marekani ni zile 243. Gari ni moja, betri ni moja, na katika tarakimu hizo tatu dalali hana haja ya kusema uongo ili amdanganye mteja. Yamtosha kuchagua ukweli unaompendeza.

Dhana ya pili, ambayo ndiyo kiini cha mkanganyiko wote, ni tofauti kati ya kilowati na kilowati-saa. Wengi huyachukua maneno haya kuwa ni moja lililofupishwa, ilhali yanatofautiana kama mtungi na mdomo wake. Kilowati-saa ni ukubwa wa mtungi: kiasi cha umeme ambacho betri hubeba. Kilowati ni upana wa mdomo: kasi ambayo umeme huingia au hutoka. Mwenye kuutaka mtungi ujae upesi hana budi kuuliza habari za vitu vitatu, yaani ukubwa wa mtungi, upana wa mdomo wake, na upana wa mfereji wenyewe. Soketi ya kawaida nyumbani, yenye volti 240, ikitoa ampea 10 hutoa kilowati 2.4. Kuijaza betri tupu ya kilowati-saa 40 kwa mfereji huo huchukua zaidi ya saa kumi na sita, yaani tangu magharibi hadi karibu na adhuhuri ya siku ya pili. Chaji ya haraka ni habari nyingine kabisa. Mashine yake hukikwepa kifaa cha ndani ya gari kinachougeuza umeme, ikausukuma umeme moja kwa moja kwenye betri kwa kasi inayofikia kilowati 50 kwa Leaf la 24, la 30 na la 40, na hadi 100 kwa lile la 62. Kwa kasi hiyo muuzaji huahidi asilimia 80 kwa dakika 40 hivi.

Mbona asilimia 80, wala si 100? Kwa sababu betri hujazwa kama kibuyu: mwanzo maji hupokewa kwa pupa, lakini yakikaribia shingo sharti mkono upunguze mwendo, la sivyo yatamwagika. Gari lenyewe hupunguza kasi ya chaji kadiri betri inavyokaribia kujaa. Anayesubiri ile sehemu ya mwisho katika kituo cha kuchajia hupoteza muda wake na wa wanaomngoja nyuma.

Adui mkubwa wa betri, hata hivyo, ni joto. Leaf za awali na zile zilizofuata, tangu 2010 hadi kizazi cha pili, hazikuwekewa mfumo wa maji wa kuipoza betri. Hutegemea hewa inayopita chini ya gari. Waama huu ulikuwa uamuzi wa kiuchumi, uliolifanya gari kuwa jepesi na la bei nafuu, lakini umewagharimu wengi. Mwaka 2012 wamiliki wa jimbo la Arizona nchini Marekani, kwenye joto la jangwani, walilalamika kuwa betri zao zilikuwa zikizeeka kabla ya wakati, na kampuni ikalazimika kutoa dhamana mpya ya uwezo wa betri. La kustaajabisha ni kwamba kampuni hiyohiyo iliuza gari dogo la mizigo, e-NV200, ambalo betri yake ilipozwa kwa hewa baridi. Aliyebeba makabeji alipewa betri iliyopozwa, na aliyebeba watoto wake akaachiwa upepo wa barabarani.

Mwaka 2018 kisa kingine kilizuka Ulaya. Wenye Leaf za kilowati-saa 40 walipofanya safari ndefu waligundua kwamba chaji ya haraka ya kwanza ilikwenda vyema, ya pili ikapungua kasi, na ya tatu ikawa si ya haraka tena. Betri ilikuwa imepata joto kwa mwendo na kwa chaji, na kwa kukosa cha kuipoza, gari likaubana mdomo wa mtungi ili kuinusuru. Hakuna kilichoharibika, kompyuta ya gari ilifanya ilivyoagizwa. Lakini hebu aichukue safari ya Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 480, mtu aliyeambiwa "linachaji haraka" bila ziada ya neno. Ataondoka Nairobi kwenye ubaridi. Ataishukia Mtito Andei akiwa ametumia karibu betri nzima, atachaji, ataingia kwenye joto la Voi, na atakapotaka kuchaji tena atasubiri maradufu ya alivyotarajia. Muuzaji hakumwambia uongo, ila alimwambia nusu ya sentensi. Kizazi cha tatu cha Leaf, kilichozinduliwa mwaka 2025, kimewekewa hatimaye mfumo wa maji wa kuipoza betri, lakini hicho si kitakachoonekana katika yadi za mitumba kwa muda.

Pana kichekesho kidogo cha lugha katika habari hii, nacho chafaa kutajwa katika jarida la wanalugha. Mfumo wa Kijapani wa chaji ya haraka unaotumiwa na Leaf unaitwa CHAdeMO. Jina hilo lilibuniwa pia likilenga msemo wa Kijapani wa kumkaribisha mtu chai, kwa maana kwamba muda wa kuchaji gari ni muda wa kikombe kimoja. Wajapani waliipokea teknolojia yao wenyewe kwa kuipa jina lenye harufu ya sebuleni. Hata hivyo, plagi ya chai hiyo inazidi kuachwa. Ulaya imechagua plagi nyingine, Uchina ina yake, na hata Leaf jipya la soko la Marekani limekuja na plagi ya Marekani. Mnunuzi wa Kenya hana budi kuuliza si tu kama gari lina tundu la chaji ya haraka, bali pia kama vituo vilivyo kwenye njia yake vina plagi inayoingia katika tundu hilo. Kampuni ya teksi za umeme ya NopeaRide, iliyoanza Nairobi mwaka 2018 kwa magari ya aina hii, ilijijengea vituo vyake yenyewe, na ilipofunga kazi mwaka 2022 somo la kwamba gari na kituo havitenganishiki lilikuwa limekwisha kuonekana.

Swali linaloibuka basi ni hili: mnunuzi ataijuaje hali ya betri asiyoiona? Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vipau vidogo kumi na viwili vinavyoonyesha uwezo uliosalia. Wengi hudhani kila kipau ni sehemu moja ya kumi na mbili. Sivyo. Kipau cha kwanza hakitoweki mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15; kila kimoja kinachofuata huwakilisha asilimia sita na kitu. Gari lenye vipau vyote kumi na viwili laweza kuwa na asilimia 99 au 86, na lenye vipau tisa limekwisha kushuka hadi karibu asilimia 70. Fauka ya hayo, kuna walaghai wanaoifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vipau vyote vionekane kwa muda, kisha vianze kupukutika mmoja baada ya mwingine mnunuzi akiwa amekwisha kuhamisha jina kwenye kitabu cha gari. Huu ni wizi wa kurudisha nyuma mileji uliovaa kanzu mpya. Hata pasipo na ulaghai kipimo chaweza kukosea: mwaka 2018 huko New Zealand, ambako Leaf nyingi kuukuu za Japani huuzwa, ilionekana kwamba betri za kilowati-saa 30 zilikuwa zikidhoofika upesi ajabu, na baadaye kampuni ikaeleza kuwa kompyuta yake ilikuwa ikisoma vibaya, ikatoa marekebisho ya programu.

Dawa ipo, nayo si ghali. Kuna programu ya simu iitwayo LeafSpy ambayo, kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, huisoma betri yenyewe. Hutoa asilimia ya siha yake, hali ya kila seli, na hata idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa haraka tangu lizaliwe. Tarakimu hii ya mwisho nayo yafaa kutazamwa pamoja na mileji. Gari lililoishi Okinawa kwenye joto likachajiwa kwa haraka kila siku si ndugu wa gari lililoishi kwenye ubaridi wa Hokkaido likachajiwa taratibu usiku, japo mileji zao ziwe sawa hadi kilomita ya mwisho. Kanuni ya Kenya kwamba gari lisiingie likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza ina manufaa yake, lakini huhesabu miaka ya bodi. Joto lililoipitia betri haliandikwi kwenye cheti cha usajili.

Hapa ndipo Kiswahili kinapopaswa kuingia, wala si kama mapambo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa hiyo kikamilifu. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vifungu hivi viwili husomwa kila kimoja chumbani mwake. Mwanasheria hukisoma cha 46 na kukumbuka maziwa yaliyochachuka. Mwanafunzi wa Kiswahili hukisoma cha 7 na kukumbuka hotuba za sherehe. Ni nadra kuviona vikikutanishwa, ilhali vikikutana hutoa hoja nyepesi kueleweka: habari za betri zilizoandikwa kwa Kijapani kwenye skrini na kwa Kiingereza cha kihandisi kwenye karatasi hazijamfikia dereva wa teksi anayeuza shamba la mamake ili anunue gari hilo.

Watakuwapo watakaopinga kwamba mnunuzi wa gari la umeme ni mtu aliyesoma, na hahitaji kutafsiriwa chochote. Hoja hii inamtazama mnunuzi wa kwanza na kuwasahau wa pili na wa tatu. Gari kuukuu halibaki mikononi mwa aliyelitoa bandarini. Betri ikishapungua, bei hushuka, na bei ikishuka gari humfikia yule ambaye hakulengwa na matangazo, naye ndiye anayelipokea likiwa na kasoro nyingi na maelezo machache. Isitoshe, umeme nafuu wa usiku unamwelekea yeye hasa: mwaka 2023 Kenya iliidhinisha bei maalumu kwa vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa kilowati-saa na shilingi 8 katika saa za matumizi haba. Asiyeijua tofauti ya kilowati na kilowati-saa hata bei hiyo haimwelei.

Upinzani wa pili hutoka nyumbani, yaani katika idara za Kiswahili. Tabia ya wanaistilahi wengi ni kuanza kwa kulifukuza neno lililokwisha kuingia. Watasema chaji ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, kwa hivyo itafutwe istilahi safi kutoka kwa lahaja fulani ya kaskazini. Vita hivyo vimepiganwa tangu siku za tarakilishi na kompyuta, na mwenye simu hakungoja matokeo, alikwenda kuchaji. Nabhany mwenyewe, aliyelibuni neno runinga, alifaulu pale palipokuwa na pengo. Katika betri, pengo haliko kwenye chaji. Liko kwenye dhana ambazo msemaji hana neno lolote la kuzitenganishia, si safi wala chafu. Ukubwa wa betri waweza kuitwa ujazo. Upana wa ule mdomo ni kasi ya kuchaji, na ikisemwa kasi sharti kilowati zitajwe. Hali ya betri ikilinganishwa na ilivyokuwa mpya yaitwe siha, neno ambalo limekuwapo kwa karne nyingi likingoja kazi. Uwezo ni neno la kuepukwa kabisa katika mkataba, kwa kuwa dalali hulitumia kwa dhana zote tatu kwa pumzi moja.

Kazi hii haihitaji kongamano. Wanafunzi wawili wa mwaka wa nne, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa uhandisi wa umeme, wakikaa na fundi mmoja wa Grogan kwa siku tatu wataimaliza, na fundi ndiye atakayekuwa na kura ya turufu, kwa kuwa neno asiloweza kulitamka mikono ikiwa na grisi halitaishi. Matokeo yake yaweza kuwa karatasi moja tu ya kuambatishwa kwenye mkataba wa mauzo, yenye maneno kama haya: "Mimi muuzaji nathibitisha kwamba gari hili lina betri yenye ujazo wa kilowati-saa ......; kwamba siha yake ilipimwa mbele ya mnunuzi tarehe ...... na kuwa asilimia ......; kwamba limechajiwa kwa haraka mara ......; kwamba tundu lake la chaji ya haraka ni la aina ya ......, na kasi yake ya juu ni kilowati ......; na kwamba betri yake ina / haina mfumo wa maji wa kuipoza." Chini yake sahihi mbili na nambari ya chesisi.